Kiraka cha Jino Langu la Mbele

Baba yangu uliyelala makaburini Usagara,

Shikamoo. Leo nimegombana na daktari wa meno, na nimekuja kwako moja kwa moja, hasira zingali moto.

Unalikumbuka lile jino langu la mbele la kauri? Lilimeguka mwaka ule wa foleni za chakula, nilipouma changarawe kwenye mchele wa duka la kaya. Unga wa kauri wa kutengenezea jingine haukupatikana Tanga nzima. Wewe, fundi wa meno, ulikuwa umebakiwa na kichupa cha dawa ya kuzibia tu. "Haya, achama mwanangu," ukasema, "nikutie kiraka."

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani. Wagonjwa wako wote uliwaambia wasukutue kwanza, maana jino likikauka hujitia weupe usio wake, na rangi utakayochagua itakudanganya. Mimi ulinikataza. "Utameza maji, saumu yako iharibike bure." Kinywa kilikuwa kimekauka kau. Siku ya Idi kiraka kikang'aa cheupe peke yake, na shangazi akanicheka mbele za watu. Uliona haya, baba. Ukaninong'oneza, "Ngoja, chai ya turungi itakitengeneza." Kweli, mwaka wa pili kikalingana na meno mengine, nikatamba mtaa mzima. Kisha kikapitiliza, kikawa cha manjano, na sasa ni kahawia. Kauri yenyewe haijabadilika hata kidogo.

Siku hizi kila kitu ruksa. Maduka yamejaa, na zahanati za watu binafsi zimefunguliwa. Mjukuu wako anaolewa Ijumaa, akanivuta hadi kwa daktari mmoja kijana: "Mama, picha zangu zitaharibika." Sikubisha. Nilishakaa kitini, nimeachama, tayari kiraka kikwanguliwe. Kijana akachungulia, akaguna, "Nani huyu, hata rangi hajui kuchagua?"

Hajui! Wewe uliyekuwa ukiwatoa watu hadi barazani, uyatazame meno yao kwa mwanga wa jua! Nikafunga mdomo. "Aliijua sana," nikamwambia. "Alinihurumia saumu yangu." Nikashuka kitini.

Bibi harusi kanuna. Na anune. Nimekukosa, baba, na sitaki mtu akukwangue kinywani mwangu. Ijumaa nitasimama safu ya mbele, na mpiga picha atanichoka kwa kicheko changu cha meno nje.

Mimi bintiyo,
mwenye kiraka