Noti ya Tano ya Reli ya Bonde

Jumatatu, 2 Machi

Studio saa mbili. Chai kwanza, kisha hedfoni. Leo ilikuwa zamu ya gemu la nne. Nimesafisha nyimbo kumi na moja, nikazipa majina, nikaziweka kwenye folda. Kwaya ya Bondeni bado ina nguvu. Kwenye wimbo wa stesheni ya tatu kuna mama wa sauti ya kwanza anakohoa. Nimemwacha akohoe.

Reli ya Bonde, gemu letu, inatimiza miaka kumi na sita. Njoroge, mwenye studio, anataka muziki wa magemu yote sita utoke kwa pamoja, na kijitabu cha historia ndani. Kazi hiyo nimepewa mimi kwa sababu ndimi mtunzi wa muziki tangu mwanzo. Ndivyo inavyojulikana.

Rasimu ya kijitabu: Mchezo wenyewe haujabadilika sana. Wewe ni dereva wa garimoshi, unapandisha viazi, maziwa na abiria kutoka ziwani hadi milimani. Muziki ndio umebadilika. Gemu la kwanza lilikuwa la simu za vibonyezo, noti moja tu kwa wakati mmoja. La pili, noti nne. La tatu, gitaa la kweli, tulilirekodi jikoni kwangu na blanketi mlangoni. La nne, kwaya. La tano, okestra ya kompyuta, kubwa na tupu. Wachezaji walilalamika kwamba hawana kitu cha kupiga mluzi. La sita, muziki unaofuata mwendo. Ukifunga breki, ngoma zinapungua moja moja mpaka inabaki filimbi.

Na katika yote sita, noti tisa zile zile za ufunguzi. Nimezisikia zikipigwa mluzi na muuza mahindi ambaye sidhani amewahi kucheza gemu lolote.

Faili za gemu la kwanza hazipo. Nimefungua diski zote. Hakuna.

Jumanne, 3 Machi

Redioni asubuhi. Mtangazaji alikuwa mpole, amejiandaa vizuri. Akaniuliza zile noti tisa zilinijia vipi. Nikamwambia nilikuwa Kuresoi kwa mama, tunachimba viazi, nikasikia garimoshi kwa mbali.

Kwetu garimoshi halisikiki. Hakuna msikilizaji aliyepiga simu kusema hivyo.

Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi mpaka nauona ule udongo. Leo nilishuka ngazi za redio. Nikakaa kwenye gari dakika kumi. Acha niandike hapa, kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Sikuzitunga mimi. Alizitunga Wekesa.

Jumatano, 4 Machi

Wekesa. Babake alikuwa fundi wa reli, wakaishi mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, kwenye nyumba za kaunsili ya mji. Tulikuwa watatu wakati studio inaanza: Njoroge wa programu, Wekesa wa muziki, mimi msaidizi wa muziki. Nilikuwa najua kinanda cha kanisa, basi.

Simu zile zilitoa noti moja kwa wakati. Wekesa akakaa nazo wiki tatu. Akaruka kutoka noti ya juu hadi ya chini na kurudi, haraka sana, mpaka sikio likadanganyika likasikia vitu viwili: wimbo juu na besi chini. Njoroge alipousikia alisimama. Mimi nilipousikia nilimwonea wivu. Wivu mbaya.

Kati ya gemu la pili na la tatu babake Wekesa alifariki. Alienda Bungoma kuzika, akakaa miezi miwili kwa sababu ya mambo ya shamba. Mwandishi wa gazeti akaja studio. Njoroge hakuwepo. Mwandishi akauliza nani ametunga zile noti. Nikasema mimi. Nilidhani ningeona aibu, lakini niliona raha.

Gemu la tatu lilipokamilika nilichapa orodha ya majina mwenyewe. Muziki: Jerotich, mimi peke yangu. Wekesa akarudi, akaisoma kwenye skrini, akazima. Hakugombana. Alibeba kinanda chake akaondoka. Njoroge alipouliza nilimwambia amepata kazi nzuri mahali pengine, na kwamba noti zile tulizitunga pamoja, zaidi mimi. Njoroge ni mtu wa programu. Aliamini.

Miaka kumi na miwili sasa.

Alhamisi, 5 Machi

Njoroge anataka gemu la kwanza. Bila hilo, anasema, mkusanyo hauna kichwa. Kuna rekodi moja ya mchezaji, aliishikilia simu karibu na kinasa. Inasikika kama nzi kwenye chupa.

Njoroge akasema wewe si ndiye ulitunga, kaa chini uandike upya. Nimejaribu siku nzima. Noti tisa ninazo, lakini ile besi ya kudanganya sikio siwezi. Nikiruka haraka inakuwa kelele. Nikiruka polepole naisikia hila yenyewe. Achieng, kijana wetu wa programu, alipita nyuma yangu mara mbili.

Jioni nimeenda sokoni kwa dadake Wekesa, anauza mboga. Akanipa namba bila kuniangalia. Wekesa yuko Kariandusi, ana duka la kutengeneza redio na sola. Nilipiga nikiwa nimesimama hapo hapo, nisije nikaghairi. Nikasema natafuta zile faili za mwanzo. Akasema nije Jumamosi.

Jumamosi, 7 Machi

Kariandusi. Vumbi jeupe la machimbo kila mahali, kwenye majani, kwenye paa, kwenye nyusi za watu. Duka ni chumba kimoja, nyumba iko nyuma. Wekesa amenenepa. Sikio la kushoto limekufa, lilioza ndani mwaka juzi, kwa hivyo anakugeuzia upande wa kulia unapoongea. Anapima spika kwa kuziwekea kidole.

Mkewe, Mama Tabitha, aliniletea chai. Sikuwahi kukutana naye. Aliweka kikombe, akasimama.

"Tulikusikia Jumanne," akasema. "Mimi ndiye nilizima redio. Yeye alitaka kusikiliza mpaka mwisho."

Wekesa akamwambia basi, mama. Mkewe akaenda. Sikuinywa chai ile. Nilitamani anitukane, ingekuwa rahisi.

Faili hana. Simu aliyoziweka iliharibika zamani. Lakini alitoa daftari la shule, jalada la bluu, ndani namba za penseli safu kwa safu: noti, muda, noti, muda. Gemu lote la kwanza. Alikuwa akiandika kwanza kwa mkono kwa sababu kompyuta ilikuwa moja na Njoroge ndiye aliyeitumia.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Nilikuwa na sentensi zangu. Badala yake nikauliza kama naweza kupiga picha kurasa. Akasema chukua daftari lote, utarudisha. Akaniuliza habari za mama, kama bado analima. Nikajibu.

Nimeendesha gari kurudi bila kuwasha redio. Najidharau.

Jumapili, 8 Machi

Sikuenda kanisani. Nilifua.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeingiza namba kwenye kompyuta, ukurasa wa kwanza. Nikabonyeza. Ikatoka kama ilivyotoka siku ile, wimbo na besi kutoka kwa noti moja moja. Nililia kidogo, si sana.

Achieng alikuja akasikiliza mara tatu. Akavuta kiti. Akasema, "Madam Jero, noti ya tano ni tofauti. Hapa inashuka. Gemu la tatu mpaka la sita zote inapanda."

Nikamwambia haiwezekani. Akacheza zote mbili kwa pamoja. Zinagombana pale pale, kwenye ya tano.

Nikaelewa papo hapo. Wekesa alipokuwa Bungoma niliandika upya noti zile kwa kumbukumbu, na nilikumbuka vibaya. Gitaa, kwaya, okestra, vyote vimejengwa juu ya kosa langu. Watu wanapiga mluzi kosa langu.

Achieng aliuliza kwa nini mtunzi abadilishe wimbo wake na asijue. Aliuliza kwa upole. Amekua na gemu hili, alilicheza akiwa darasa la tano kwenye simu ya shangazi yake. Nikamwambia nitamweleza kesho. Nadhani alishaelewa. Macho yake yalikuwa kwenye daftari, na mwandiko si wangu.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia Njoroge. Ofisini kwake, mlango umefungwa, Achieng ndani kwa sababu nilimwomba awepo. Nilisema yote: gazeti, orodha ya majina, uongo wa kazi nzuri, redio. Ilichukua dakika nne hivi. Nilidhani ni hadithi ndefu.

Njoroge akapanga kalamu zake. Kisha akasema kijitabu kinaenda kupigwa chapa Ijumaa na hii si wiki ya kufukua makaburi. Tumtumie Wekesa nakala, tuweke jina lake mwishoni chini ya "shukrani", maisha yaendelee. Akasema anafikiria studio, watu kumi na wanne wanakula hapa.

Achieng ndiye aliyejibu. "Boss, mimi siwezi kuandika hiyo shukrani. Tafuta mtu mwingine aiandike."

Njoroge akamtazama. Kisha akanitazama mimi, na ndipo hasira ikamtoka. Akaniuliza kama ninajua alivyomchukia Wekesa miaka hiyo yote. Alidhani ametutupa tu, bila kwaheri, sababu ya kazi nzuri. Hakwenda hata kumpa pole Wekesa alipofiwa na mama mzazi miaka ya baadaye.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliiba noti tisa, kumbe nilichukua na rafiki wa mtu.

Jumatano, 11 Machi

Nimempigia Wekesa. Nimeomba msamaha kwa sentensi moja, zile nyingine nimeziacha. Nikamwambia jina lake litakuwa la kwanza, na mimi nitaeleza mwenyewe redioni. Akasema sawa. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Nikamwambia kuhusu noti ya tano, kwamba tuna siku mbili tu lakini tunaweza kurekebisha magemu yote manne. Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza.

"Niliisikia siku gemu la tatu lilipotoka," akasema. "Nikangoja ugundue. Sasa watu wameizoea. Hiyo ya juu ni yako, Jero, iache."

Kwa hivyo katika tisa, moja ni yangu.

Ijumaa, 13 Machi

Redioni tena. Mtangazaji yule yule, lakini leo si mpole. Nilisoma kutoka kwenye karatasi ili nisipambe. Nikasema hapakuwa na shamba wala garimoshi. Akauliza kwa nini. Nikasema wivu. Nikakunja karatasi.

Kijitabu kimeenda. Ukurasa wa kwanza: Noti tisa za Reli ya Bonde zilitungwa na Wekesa, Nakuru. Chini, herufi ndogo: Kuanzia gemu la tatu noti ya tano inapanda. Hilo ni kosa la Jerotich.

Achieng alitaka tuandike "badiliko". Nimekataa.

Njoroge amesafiri Kariandusi mchana, peke yake, na daftari. Nilitaka kulirudisha mimi. Akasema hapana.

Jumatano, 18 Machi

Mkusanyo umetoka. Watu wananitukana mtandaoni, wengine kwa ufundi. Mmoja ameandika kwamba alipiga wimbo ule kwenye harusi yake na sasa hajui amheshimu nani. Nimesoma mpaka mia hivi nikaacha. Yote ni haki. Yanauma hata hivyo.

Mama amepiga. Majirani wamemwambia. Akauliza kama ni kweli nilitia shamba lake kwenye uongo. Nikasema ndiyo. Akasema ningemwambia angalau, watu walikuwa wanakuja kumuuliza garimoshi lilipita wapi, naye anawajibu hivi hivi.

Njoroge amenitoa kwenye gemu la saba, lijalo. Si adhabu, anasema, ni mapumziko. Ni adhabu. Naikubali. Amemwomba Wekesa atunge muziki wake. Wekesa amesema atafanya nyumbani kwake, kwa sikio moja, taratibu, na asisukumwe. Achieng atampelekea kompyuta.

Nimeondoa vitu vyangu kwenye dawati la dirishani. Vimeingia kwenye katoni moja.

Jumapili, 29 Machi

Niko nyumbani. Nimepika ugali na mboga ya managu, nikala, nikaosha vyombo.

Saa tisa simu ikalia. Wekesa. Nilifikiri ni swali la kazi. Hakuwa na swali. Akaniuliza kama mvua imefika Nakuru. Nikasema bado, ni mawingu tu. Akasema kwao imefika sasa hivi, ya kwanza, vumbi lote linakimbia barabarani kama maziwa.

Nikamsikia akitembea. Mlango. Kisha mvua kwenye mabati yake, kwanza tone moja moja, kisha mengi hata usiweze kuyatenganisha. Aliinyoosha simu juu, nadhani, maana sauti yake ilikuwa mbali aliposema nisikilize.

Nilisikiliza. Nyuma yake Mama Tabitha alikuwa anauliza anaongea na nani. Akamwambia ni Jero. Mama Tabitha akaomba asaidiwe kuanua nguo.

Wekesa akaiweka simu mahali, bila kukata, akaenda.