Herufi Kubwa kwenye Folda ya Mama

Nyumbani, juu ya chumba cha ushonaji
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi hatujambo, hasa tangu jana saa nne asubuhi.

Kile kisanduku cha kuhifadhia faili ulichotufungia bado kipo juu ya kabati la vitambaa, na karatasi yako imebandikwa palepale: "SMB kwa kompyuta ya Mama, NFS kwa ile ya dirishani." Uliniambia hizo ni itifaki, yaani kisanduku ni kimoja lakini huzungumza na kila kompyuta kwa lugha yake. Nilidhani nimeelewa.

Mjomba, kosa ni langu. Ijumaa nikiwa dirishani niliona folda yenye michoro yote ya Mama ya kukatia nguo imeandikwa "mama", kwa herufi ndogo. Mwalimu wetu wa lugha hasamehi jambo hilo. Nikatengeneza nyingine, "Mama", nikanakili humo michoro mitatu, kisha nikaitwa kuanua nguo na kusahau.

Jana Mama alifungua kompyuta yake aanze sare za wauguzi, zinazotakiwa Jumatano. Aliona folda mbili, lakini kila aliyoifungua ilikuwa na michoro mitatu tu. Kazi ya miaka sita haionekani. Alikaa juu ya robota la kitambaa, akavua miwani. Fundi wa kukata, yule tunayemwita Mkasi, aliuliza kama wauguzi watakubali kuvaa mashuka. Hakuna aliyecheka.

Ndipo nikakumbuka maneno yako. Nilikwenda dirishani nikafungua ile ya herufi ndogo: michoro mia mbili na kumi na minne, yote salama. Kompyuta ile inajua kuwa "Mama" na "mama" ni wawili. Ya Mama haitofautishi herufi, kwa hiyo ilimwonyesha milango miwili ya chumba kimoja. Nikafuta folda yangu. Mama alipojaribu tena, michoro ilijaa kioo kizima.

Nilikiri mbele ya wote. Mama alivaa miwani, akanitazama.

"Mwalimu wako yuko sahihi, mwanangu. Ila humo ndani mimi ni mdogo. Niache hivyo hivyo."

Mkasi akasema hajawahi kumsikia Mama akikubali kuwa mdogo kwa mtu. Tukacheka hata vyerehani vikasimama.

Baadaye Mama alinipa ufunguo wa kabati lile la vitambaa, bila maelezo; nadhani sasa kisanduku ni changu kukitunza. Ningependa siku moja kusomea kazi yako, ukiona nafaa.

Msalimie sana Mkazamjomba na wadogo zangu. Bibi anakuombea kila asubuhi. Mkasi anaomba bisibisi yake uliyoondoka nayo siku ile ya kufunga kisanduku. Mungu akulinde katika kazi na safari zako.

Utaona kila nilipomtaja Mama nimeandika kwa herufi kubwa. Karatasi ina lugha moja tu, haitampoteza.

Mpwa wako akupendaye,
Mtunza kisanduku