Chungu cha Kumwoshea Mtoto wa Mwanaima

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kazija Jumbe. Umri: hajui, alikuwa mwari mwaka wa uhuru. Kabila: Mzigua. Kazi: mfinyanzi. Makazi: Mwera, Pangani. Hajasoma.

Kwanza nikuseme, Koplo Praxeda. Tangu uhamie huku hujakanyaga kwangu hata kunipa shikamoo, mpaka usikie mwizi ndiyo unakuja na pingu. Haya, andika.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, asubuhi, tulikuwa uani kwangu tukijiandaa kumtoa nje mtoto wa mjukuu wangu Mwanaima. Mwanaima ameshazika wawili. Huyu wa tatu amekaa, ananyonya kama ndama. Mtoto wa namna hiyo kwetu huoshwa kwa maji ya chungu cha ukoo, alichofinyanga bibi yangu. Lakini hakitiwi maji mpaka mtani akikwapue, akimbie nacho, tumpe kuku akirudishe. Mkono wa mtani ndio unaoondoa mikosi.

Mtani wetu ni Manase, Mnyamwezi, mzaliwa wa kambi ya mkonge. Alikikwapua akatoka mbio, anasema, "Wazigua, leo mtaogea kifuuni!" Nikapiga kelele, "Mwizi! Mnyamwezi mwizi!" Ndivyo tufanyavyo. Tukacheka wote, isipokuwa Abass, mume wa Mwanaima. Yeye Mpemba, mambo haya hakuyakuta kwao. Alimrukia Manase kiunoni, akawapigia nyinyi simu. "Bibi, nimemkamata!" Nikashika kichwa. Simlaumu, alidhani anamtetea mwanawe.

Umeniuliza kama Manase aliomba ruhusa. Mwanangu, mtani akiomba ruhusa, huyo ni mgeni. Hakuna kilichoibwa. Manase mnaye mahabusu, chungu mmekifunga kamba eti kielelezo, na mtoto bado hajatolewa nje. Mkinipa mimi chungu, kazi bure. Kitoke mikononi mwa Manase. Kuku nimekuja naye, huyo mnamsikia hapo nje.

Niliyoyaona ndiyo hayo, na nimesomewa, ni maneno yangu.

(Dole gumba) Kazija Jumbe

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Abass ameondoa malalamiko na kumwomba Manase radhi. Manase amemjibu, "Kuanzia leo na wewe mtani wangu. Chunga viatu vyako." Kwa idhini ya mkuu wa kituo, Manase ameondoka huru, chungu mikononi.
WP Koplo Praxeda

Shahidi ameomba yaongezwe: Ijumaa mtoto anapewa jina. Njoo, Praxeda, na kanga, si magwanda, ule ushibe. Ukimwona Manase anatoka mbio na sahani yako, usinyanyuke. Mwite mwizi kwa sauti, ucheke.