Mama Aliposema Sijulikani Niliko

Jumapili, Al Nahda, mtaa ninaoishi huku Uarabuni nilikokuja kufanya kazi. Joto la kunata, kioo cha dirisha kinatoka jasho. Nimevuta pazia la kitanda changu ili wenzangu wa chumba wajue sitaki maneno. Ni siku yangu ya mapumziko, na sijapumzika hata kidogo.

Naandika hati ya kiapo. Kaka yangu Baraka amefungwa Marekani, mwaka wa nne sasa, kwa wizi wa mabavu dukani. Saa ile duka linavamiwa, yeye alikuwa jikoni kwake, simu ameiegemeza kwenye birika, nikimfundisha kupika chapati kwa video. Zilitoka ngumu ajabu. Nilimcheka mpaka machozi, nikapiga picha ya skrini. Bado ninayo, na saa na tarehe ya simu ile zinaonekana juu yake.

Alishaiomba mahakama ya shirikisho ichunguze kama kifungo chake ni halali, ikakataa. Ombi la pili haliingii hivi hivi. Lazima kwanza aombe ruhusa ya kulileta, na aeleze kwa nini ushahidi wangu haukupatikana mapema.

Hapo ndipo nimekwama tangu nitoke kanisani.

Alipokamatwa, Baraka alinyang'anywa simu, na namba yangu hakuwa nayo kichwani, kwa hiyo alimwambia wakili aulize nyumbani. Mama akajibu kwamba sijulikani niliko. Mimi, ninayempigia kila Jumapili! Aliogopa nitachanganyikiwa, niharibu kazi, nirudishwe Kenya. Tulio huku tumezoea kufichwa mambo ya nyumbani, hata msiba tunaambiwa watu wakishazika. Mimi niliambiwa Baraka ana shughuli nyingi na amebadilisha namba.

Nikanuna. Miaka yote hiyo nilidhani anaringa kwa sababu yuko Amerika, na sikumtafuta. Naona aibu kuliandika hili. Mpaka mwezi uliopita, wakili wake mpya aliponipata mtandaoni na kuniuliza kama namkumbuka kaka yangu.

Leo nilianza kwa kuandika kwamba kulikuwa na matatizo ya mawasiliano. Nikafuta. Nikampigia mama.

"Mama, hii karatasi inaenda kwa jaji. Nikisema ukweli, atasoma kwamba ulidanganya."



"Andika ni mimi," akasema. "Na usinipunguzie, mwanangu. Niliogopa nyinyi wote wawili mtapotea."

Nimeandika majina yake matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nimemkasirikia sana, na bado namhurumia.

Kesho naingia zamu kazini, Marina, saa kumi na mbili asubuhi. Hati nitaituma kabla basi la kampuni halijafika, nisije nikabadilisha mawazo.

Ila huyo jaji, ambaye hamjui mama yangu, ataamini kweli kwamba alikuwa anajaribu tu kubaki na mtoto mmoja salama?