Nilisema Nimemwona

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Iringo, Musoma.

Mawingu yamejaa juu ya ziwa tangu mchana na mvua haitaki kunyesha. Duka sijafungua. Mtoto amelala kifuani, naandika kwa kidole kimoja. Nimejikasirikia leo, kwa hiyo anayesoma asitegemee maneno matamu.

Jana tulikwenda Nyamuswa kwa mama kumpa mtoto jina. Ana wiki sita. Kwenye kadi ya kliniki wameandika tu "Mtoto wa Nyangeta", na manesi wameshaanza kunitania kwamba atafika darasa la kwanza hana jina. Jina lipo. Lilikuwepo tangu waliponiambia ni wa kiume: Wambura, la mdogo wangu, askari aliyefia Kongo.

Wambura hakuacha mke wala mtoto. Kwetu kijana akifa hivyo, jina lake anapewa mtoto wa dada yake ili lisipotee. Ila sharti awe amekufa kweli. Kumpa mtoto jina la kijana aliye hai ni sawa na kumzika angali anapumua. Hilo halikunisumbua, maana Wambura tulimzika nyuma ya zizi, mwaka wa nne sasa.

Balaa limeletwa na redio.

Wiki nzima habari ni moja, askari wetu waondolewe Kongo au wabaki. Tumefika tu, baba mdogo akaanza. Yeye ni mwanajeshi mstaafu, anaongeaga kama bado yuko gwaride. "Mtu ameacha damu yake kule, halafu mnafunga mizigo! Basi alifia nini?" Mume wangu ni mpole, lakini jana alimjibu. "Baba, hii vita tuliikuta na tutaiacha. Wafe wangapi ndiyo turidhike? Warudi."

Nikiri kitu. Niliwaunga mkono wote wawili. Mume wangu akiongea, nataka warudi leo leo. Baba mdogo akiongea, sitaki hata mmoja apande gari mpaka mtu aje aniambie mdogo wangu alikuwa anafanya nini kule.

Mama alikuwa ameleta maji ya kunawa. Akauliza taratibu, "Wakirudi, watawashusha Bunda, au watawaleta mpaka hapa?"

Sote tulidhani anaulizia vijana wa majirani.

"Kwa hiyo hilo jina lisubiri," akasema. "Siwezi kumpa mtoto jina la mtu aliye njiani."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Shemeji, Wambura tumemzika."

"Mlizika sanduku."

Na kweli sanduku lilikuja limefungwa, na halikufunguliwa nyumbani. Baba mdogo akanigeukia mimi. "Mwambie mama yako. Si wewe ndiye ulimwona?"

Hapa inabidi niseme ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Mimi ndiye nilitumwa kuupokea mwili, kwa sababu baba alishafariki na baba mdogo alikuwa amelazwa. Kwetu lazima mtu mmoja wa nyumbani amtazame marehemu usoni, aje awaambie wenzake, ndipo watu walie vizuri. Kabla ya kulifunga sanduku moja kwa moja, ofisa mmoja mstaarabu aliniita pembeni. "Dada, wenzake wameshamtambua. Ukitaka kumtazama, mtazame. Usipoweza, si dhambi." Niliingia. Nilisikia kifuniko kinanyanyuliwa. Nikafumba macho, nikakaa hivyo mpaka kikashushwa. Nikatoka, nikatia sahihi.

Nyumbani mama akanishika mikono yote miwili, akaniuliza. Nikamwambia, "Nimemwona, mama. Amelala tu, kama alivyokuwaga. Hata usoni hana jeraha."

Mama aliishi na maneno hayo. Kila aliyekuja msibani alimwambia, mwanangu hana jeraha usoni, dada yake amemwona. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nachambua mchele.

Jana ningesema tena "nilimwona" na mambo yangeisha. Tungekula, tungempa mtoto jina, tungerudi Musoma. Lakini mtoto alikuwa mapajani kwangu, ameniangalia, na nikaona siwezi kumpa jina juu ya uongo. Nikajiona jasiri, kumbe wapi!

"Mama, nisamehe. Sikumwona. Nilifumba macho."

Nilijiandaa anipige, au alie. Jamani, mama alicheka. Aliinuka akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja mbio. "Kumbe hakuna aliyemwona! Hakuna!" Akanikumbatia mimi na mtoto pamoja kama nimemletea zawadi. Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Mume wangu alisema tu, "Nyangeta, umefanya nini?"

 

Asubuhi ya leo nilimkuta mama anasiriba kuta za chumba cha Wambura kwa udongo na samadi, anaimba wimbo wa kanisani. Aliniambia nimtafutie godoro jipya mjini. Nikaitikia, "Sawa, mama." Kutoka pale mpaka hapa Musoma, aliyelia ni mtoto peke yake.

Najua Wambura amekufa. Barua ya jeshi ninayo kabatini. Wenzake waliokula naye na kulala naye walimtambua, na watu hao hawana sababu ya kunidanganya. Najua. Nimejiambia hivyo tangu tumefika, kwa sauti, mpaka mume wangu akatoka nje.

Ila kuna video watu wanatumiana kwenye simu, askari wanashuka kwenye lori, eti wamerudi kutoka Kongo. Mchana nilisema nitaitazama mara moja tu. Sasa naisimamisha kila uso unapopita, naukuza, nauacha, nafuata mwingine. Wa mwisho anashuka ameinama, kofia imemfunika. Video inakatika kabla hajainua kichwa.

Naianza tena.