Magadi kwenye Maharage ya Nuru

Mafinga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kimetulia? Na mvua, imewakumbuka hata kidogo hapo Kikwe, au mahindi yamekauka kabla ya kubeba? Mimi nipo, naweza kusimama. Baridi ya huku inauma, kiwanda cha mbao kinatupa kazi siku wanayotaka wao, na wenzangu wananiita Meno tangu waliponiona nikicheka. Nawajibu kwamba kwetu Meru meno ya kahawia ndiyo kitambulisho, mwenye meupe tunamwuliza ametoka wapi.

Nimeandika kwa sababu neno hili nikilisema kwenye simu nitalia, nawe utanisikia. Mpe shangazi akusomee polepole.

Wiki iliyopita alikuja muuguzi kutupima vifua, maana vumbi la mbao halina huruma. Nilipofungua mdomo akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia, nikaongeza kwamba habari za madini ya floraidi kwenye maji yetu, yanayoharibu meno na mifupa, tunazijua tangu utoto. Nikamweleza miguu ya mwanangu Nuru inavyozidi kupinda, na wewe unavyohangaika kumkingia maji ya mvua ya kunywa. Akasikiliza, kisha akauliza maharage mnayapikaje. Nikacheka. Nani kwetu anapika maharage au makande bila magadi ya kuyalainisha upesi?

Yeye hakucheka. Alisema, "Hayo magadi yana madini yale yale, tena mengi kuliko maji yenu. Mnamnywesha maji safi, halafu mnampikia ugonjwa."

Mama, usijilaumu. Bibi ndiye aliyekufundisha, naye alifundishwa na mamaye. Na najua utauliza nilichomwuliza muuguzi: bila magadi, maharage yataiva kwa kuni zipi? Wewe kuni unaziokota mbali, na mgongo ndio huo. Nikamwuliza pia kama miguu itanyooka. Akasema iliyopinda imepinda, labda upasuaji mkubwa, na upasuaji sisi tunausikia kwa watu. Kinachobaki ni kuomba isizidi. Alipoondoka nilikaa karibu na lundo la mabanzi, yale mabaki ya magogo yaliyopasuliwa. Hapa yanachomwa kama taka, Mama, moto mchana kutwa na hakuna sufuria juu yake. Niliona uchungu mpaka nikashindwa kula.

Kumleta Nuru huku siwezi. Tunalala bandani wanaume watupu, hata mlango hauna komeo. Na mimi nikirudi, nitarudi na nini? Nimefikiri kila upande, nimechoka kufikiri.

Nisalimie shangazi anayekusomea, na kaka mkubwa, nimesikia amebaki na mbuzi mmoja. Msalimie na mama mkwe wangu, mwambie kaburi la binti yake sijalisahau, saruji ndiyo haijapatikana.

Jumapili ile ya mwezi uliopita uliponipa Nuru kwenye simu, aliniambia, "Baba, bibi anasema nikila maharage yote miguu inapata nguvu. Namaliza kila siku, na mchuzi nakomba."

Nilimsifu, Mama. Nilikuwa bado sijaonana na muuguzi.

Siku ukipata kuni, mpikie bila magadi. Siku ukikosa, nakuomba umwambie asimalize sahani. Najua huna kingine cha kumpa.

Mwanao,
Eliamani