Kifuko Chini ya Ngozi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimefika nyumbani, Bariadi. Njia nzima pamba imefunguka – weupe mtupu! Mdogo wangu Joyness kanipokea stendi. Anajichoma insulini tangu yuko darasa la tatu. Sasa ni mdada. Swali la kwanza: kifuko kimefikia wapi? Nikamwambia tumeshampandikizia kondoo, kule maabara Arusha. Akacheka. Yaani kondoo kamtangulia!

Jumanne, 3 Juni
Nimeshinda uwani, nawaza tu. Kifuko chembamba kama jani, kimelala chini ya ngozi. Ndani, seli hai zinazotengeneza insulini. Vitundu vidogo mno: hewa na sukari ziingie, insulini itoke, askari wa mwili wabaki nje. Nikasinzia. Nikaziona seli zenyewe, zimetulia kama dagaa majini, zinapumua, zinapumua... Mama akaniamsha. Uji umepoa.

Alhamisi, 5 Juni
Mwenzangu wa kazi, Paschal, kapiga simu kutoka maabara. Wamemfungua kondoo. Mwili umekizungushia kifuko kovu nene, hewa haikupita. Seli zimekufa.
Zote!
Joyness alikuwa pembeni, kasikia. Akasema basi tuanze upya, yeye yupo. Nilishindwa kumtazama.

Jumamosi, 7 Juni
Kumbe mama anatangaza jumuiyani tangu Pasaka! Eti Maximiliana wangu kapata dawa ya kisukari, sindano basi. Maneno yamefika mpaka Bukundi, kijiji cha mbali huko.
Leo hodi, na salamu ya Kisukuma: “Mwangaluka!” Baba mmoja, Masunga, na mkewe, na binti yao mdogo, Nyamizi. Mtoto anachomwa sindano tangu mwaka jana. Mapaja yake yamejaa alama. Masunga ananiita daktari – mimi si daktari! Akasema wamefuata kile kifuko.
“Bado, baba. Tulijaribu kwa kondoo. Kimeshindwa.”
“Lakini kitaweza?”
Mama akainamisha kichwa. Nikasema sijui. Labda miaka mingi. Labda kisiweze.
Nilitegemea hasira. Au machozi. Masunga akamtazama mwanawe, kisha mimi.
“Hatuna haraka, mwanangu. Tumekuja na unga wetu.”
Sasa Joyness yuko jikoni na mama Nyamizi, anamwonyesha namna ya kutunza insulini kwenye chungu, isipate joto. Nyamizi kasinzia mapajani pangu, mzito, wa moto. Naandika kwa mkono mmoja. Nimwambie nini tena baba yake? Namsikia huko nje, anamuuliza mama watandike wapi mkeka –